Mbuzi Moja Kwenda Shelui

Kabla ya safari nilikosa usingizi wiki mbili kwa sababu ya nazi.

Si kwa sababu ya nchi ngeni, wala kazi mpya, wala umbali. Nazi. Nililala chali nikihesabu vyakula anavyopenda Rukia, mke wangu wa mwezi mmoja, na kila nilichohesabu kilikuwa na tui ndani: wali, mbaazi, mchuzi wa papa, hata maharagwe. Kisha nikawauliza watu waliowahi kufika Singida, nao wakanipa jibu moja. Huko kuna kuku, kuna asali, kuna vitunguu na alizeti. Mnazi hakuna.

Nyinyi rafiki zangu mlikuwepo Mombasa siku ya kuagana, lakini hamkusikia aliyoniambia Mzee Bakari, mkwe wangu. Alinishika mkono asiuachie. "Abdalla, mimi sikuzuii. Wenzetu wa Tanzania wanajenga nchi yao, wataka walimu, nenda. Lakini likizo ya kwanza utamleta Rukia hapa, nami nitamuuliza mbele yako: wabaki au waenda? Akisema abaki, atabaki, na weye hutatia neno."

Nikasema ndiyo. Mtu mwingine angesema ndiyo akaenda kulala. Mimi tangu hapo nilikuwa nasikiliza neno moja tu kinywani mwa mke wangu, neno "turudi," na kulisikiliza hata pale alipokuwa anaomba chumvi.

Mama mkwe naye alitupatia mbuzi yake ya kukunia nazi, ile yenye kiti cha mvule kilichong'aa kwa kukaliwa, na ulimi wa chuma wenye meno. Nilimuuliza kwa adabu kwa nini tubebe mbuzi kwenda mahali pasipo na nazi. "Mwanangu aende kama hana kwao?" akasema. Mazungumzo yakaisha.

Basi nikamwandikia Mwenyekiti wa kijiji tulichopangiwa, karibu na Shelui. Niliandika hivi: "Tutafika mimi na mke wangu, tukiwa na masanduku mawili, godoro moja, na mbuzi moja. Mbuzi hiyo ni ya mama mkwe, ina umri mkubwa kuliko mke wangu, na haipendi unyevu. Naomba mahali pakavu pa kuiweka." Niliisoma mara sita. Mbuzi mnyama ni mmoja, huyo. Mbuzi ya nazi ni moja, hiyo. Nikaona hakuna mtu anayejua Kiswahili atakayekosea. Nami nilikuwa nakwenda kufundisha Kiswahili.

Dar es Salaam hadi Itigi

Mambo ya karatasi nayaruka, maana hata nilipokuwa ndani yake nilitamani kuyaruka. Naanzia kwenye garimoshi, ambako mkaguzi wa tiketi alitutazama akasema, "Ndugu huyu aende chumba cha akina mama. Ndugu wewe, huku kwa wanaume."

"Huyu si ndugu," nikamwambia. "Ni mke wangu."

Akashusha miwani. "Kwa hiyo mke si ndugu?"

Foleni nzima ikacheka. Nilianza kumweleza kwamba kwetu ndugu ni mtu uliyezaliwa naye, na kwamba ingekuwa hivyo ndoa yangu ingekuwa na matatizo makubwa, lakini Rukia alikuwa ameshabeba kikapu chake na kwenda zake. "Kwaheri ndugu," akaniambia.

Hivyo tulisafiri, maharusi wa mwezi mmoja, kila mmoja na watu wake. Katika kila kituo nilishuka nikaenda kusimama chini ya dirisha lake. Morogoro alikuwa anakula machungwa na wanawake watatu asiowajua. Dodoma alikuwa anakula karanga na wanawake watano, na mmoja alikuwa amemkabidhi mtoto.

"Umelala?" akaniuliza kutoka juu.

"Kidogo."

"Hukulala. Wafikiri tena weye." Akanipa karanga za ganda kwenye kiganja. "Nenda ukalale. Nazi haioti kwa kufikiriwa."

Sikujua kwamba anajua. Nilikaa kwenye kitanda changu nikijiuliza: kama anajua kuhusu nazi, anajua pia aliyosema baba yake? Na kama anajua, mbona hasemi?

Itigi hadi Mkiwa

Itigi tulishuka na vumbi likatupokea. Mama mmoja alituuzia asali ndani ya chupa ya soda, nyeusi kama lami, na Rukia akaichovya kidole pale pale stesheni kama mtoto. Lori lililokuwa likipita kwenda Mkiwa likatuchukua pamoja na watu wengi na magunia mengi zaidi. Njia yote ilikuwa vichaka vilivyosongamana hata mbuzi asingepenya, na nasema mbuzi kwa makusudi, maana ndipo anapoingia katika kisa hiki.

Mkiwa ni njia panda. Lori letu liligeuka kushika barabara ya Manyoni, sisi tukabaki kungoja basi la Singida. Tulifika saa tatu asubuhi. Saa nne tuliambiwa basi linakuja. Saa sita tuliambiwa limekwisha kutoka. Saa nane tuliambiwa limeharibika, lakini linakuja.

Tukala. Mwenye kibanda alileta ugali wa uwele, kuku wa kuchemsha na bakuli la mlenda. Ambaye hajaona mlenda nitamwambia hivi: ni mboga ya kijani inayoteleza, na ukiinua tonge, nusu yake inarudi bakulini yenyewe. Nilimtazama Rukia usoni. Alitia tonge kinywani, akameza, akatulia.

"Mh," akasema.

Basi. Mh. Nilikaa na hiyo "mh" saa nzima nikiipima. Kuna mh ya kukubali na kuna mh ya kuvumilia, na baina yao ni sauti kidogo sana, na mwenye kibanda alikuwa akivunja kuni wakati ule.

Basi lilipofika saa kumi, utingo alipanda juu ya paa kupokea mizigo. Nikamhesabia. "Masanduku mawili, godoro, na mbuzi."

Akaangalia huku na huku. "Mbuzi iko wapi?"

"Imo ndani ya gunia hili."

"Kwenye gunia?"

"Ndiyo. Nimeifunga vizuri kwa kamba."

Utingo akashuka ngazi mbili. "Tangu wapi, ndugu?"

"Tangu Mombasa. Leo siku ya sita."

Abiria waliokuwa wanagombania mlango wakaacha kugombania. Mama mmoja mwenye kibuyu cha maji akaja akasimama mbele yangu. "Siku sita? Imekula nini?"

"Haili," nikasema. Naapa nilijibu kwa nia njema.

"Hali! Tangu Mombasa hali!" Akainama akalibonyeza gunia. "Mungu wangu, mifupa mitupu. Imekauka hii. Imekuwa ngumu!" Kabla sijafumbua kinywa akafungua kibuyu na kulimwagia gunia maji.

"Usiimwagie maji!" nikapiga kelele. "Itapata kutu!"

Mama akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. "Kutu?" akauliza polepole.

Nilimtafuta Rukia anisaidie. Alikuwa ameketi juu ya sanduku, amejifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika, na kwa sekunde moja nilidhani analia na safari imeishia Mkiwa. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashindwa kusimama, kisha akaja, akafungua kamba, akaitoa mbuzi na kuiweka chini mbele ya watu wote.

Utingo akaizunguka. "Hiki ni kigoda."

"Ni mbuzi," nikasema.

"Ndugu, hiki ni kigoda chenye kisu."

Wote wakapanda basi wakicheka, na mama wa kibuyu akanipigapiga bega kwa huruma. Mimi sikucheka. Palepale barua yangu kwa Mwenyekiti ilikuwa imenirudia kichwani, neno kwa neno.

Mkiwa hadi Singida mjini

Kutoka Mkiwa kupita Ikungi hadi Singida nilijituliza. Utingo alisema "mbuzi iko wapi" na alikuwa akimaanisha mnyama; sawa. Lakini Mwenyekiti ni kiongozi, ameandika barua ngapi, atajua tofauti ya "moja" na "mmoja." Nilimweleza Rukia haya yote. Yeye alikuwa anatazama nje, kule mawe makubwa yanapokaa juu ya mawe mengine kama yaliyopangwa na mtu aliyeitwa ghafla akaacha kazi.

"Hili litaanguka," akasema.

"Lipi?"

"Lile. Waniambia nini kuhusu moja?"

Mjini tuliingia duka la Bwana Jivan kununua chumvi na mafuta ya taa. Rukia, kwa mazoea tu, akauliza, "Nazi zipo?" Wateja wakageuka kumtazama. Bwana Jivan akaweka mizani chini.

"Nazi ya kupikia?"

"Kwani kuna ya nini tena?"

"Sisi ya kusali. Ndugu yangu ananiletea kwa garimoshi, chache." Akamtazama mikono yenye hina iliyoanza kufifia. "Umeolewa karibuni, mama?"

"Mwezi wa pili huu."

Akapotea nyuma ya pazia, tukasikia anasemezana na mkewe kwa Kigujarati, kisha akarudi na nazi moja, kavu, yenye ndevu. Hakutaka malipo. "Bibi harusi haondoki dukani kwangu mikono mitupu. Mke wangu atanigombeza."

Rukia aliibeba ile nazi kwa mikono miwili kama inayoweza kupasuka, na mara ya kwanza tangu tuondoke kwetu macho yake yalijaa machozi ya kweli. Nikaona: haya, lile neno limekaribia, sasa atalisema. Hakulisema. Aliifunga ndani ya kanga.

Wakati huohuo mtu mpana mwenye kofia ya kufuma alikuwa akipakia magunia ya chumvi kwenye lori mlangoni. "Wewe ndiye Mwalimu wa Mombasa?" akaniuliza. Aliitwa Shila, dereva, na alikuwa ametumwa na kijiji chetu kutuchukua. Alichungulia nyuma yangu, kisha pembeni yangu. "Na mbuzi?"

"Mbuzi gani?" nikauliza, na sauti yangu ilitoka nyembamba.

"Yule mkubwa kuliko mkeo! Mwalimu, kijiji kizima kinamsubiri. Wazee wamebishana wiki tatu kama mbuzi anaweza kufika miaka ishirini. Tena umeandika hapendi unyevu, basi wamemjengea zizi lenye bati."

"Bati?"

"Bati moja, limetoka ghala la kijiji. Darasa lako lenyewe ni nyasi." Akacheka. "Mimi nyumba yangu haina bati."

Nilipomwambia ukweli, Shila alishika ubao wa lori akacheka hadi kofia ikaanguka. Rukia akaniambia mbele yake, "Weye ukifika mwambie Mwenyekiti kweli. Mambo yaishe."

Lakini fikirini na nyinyi. Mwalimu wa Kiswahili, barua yake ya kwanza ya Kiswahili, na kijiji kizima hakikuielewa. Nani atamleta mtoto wake kwa mwalimu huyo? Tena bati limetumika. Tena kila mtu atamtazama Rukia kama mke wa yule aliyeahidi mbuzi akaleta kigoda, naye atachoka kutazamwa, na likizo ikifika baba yake atakapomuuliza, jibu litakuwa limeshaandikwa. Hayo yote niliyafikiri kabla Shila hajaokota kofia yake.

Iguguno

Siku hiyo ilikuwa siku ya mnada Iguguno. Nilimwomba Shila asimamishe lori.

Wauza mbuzi walinizunguka na mbuzi vijana, wanono, wanaong'aa. Niliwakataa wote. "Nataka mzee."

"Wa supu?"

"Hapana. Mzee tu. Mzee sana."

"Mzee kiasi gani, ndugu?"

"Kuliko mke wangu."

Muuzaji akamtazama Rukia ndani ya lori, akapiga hesabu kwa vidole. "Basi huyo hakuna duniani. Lakini yuko mmoja amejaribu." Akaniletea mbuzi jike wa kijivu, pembe moja imekatika nusu, sikio la kushoto limekatwa mara mbili, macho ya njano yaliyoona mengi. Alinitazama kama mama mkwe.

Nilimnunua. Rukia alimtazama mbuzi kutoka Iguguno hadi Misigiri. Kisha akasema, "Atakufa kwenye huo mteremko anaousema Shila."

"Nani?"

"Weye."

Kuteremka Sekenke

Barabara inapofika Sekenke inashuka ghafla kwenda kwenye tambarare ya Shelui, na Shila hakuamini breki zake. Alitushusha sote tuteremke kwa miguu, akalishusha lori polepole likiwa na chumvi peke yake.

Mbuzi wangu, bibi wa kijivu, aliutazama mteremko, akaketi. Nilimvuta, hakwenda. Nilimsukuma, akalala. Nilimbembeleza kwa Kiswahili sanifu. Mwishowe nilimtia mabegani, miguu miwili huku, miwili huku, nikateremka Sekenke nikiwa na shahada ya chuo kikuu na mbuzi shingoni, na suti ya harusi, maana nilitaka kufika kijijini nikiwa nadhifu. Mbele yangu Rukia alitembea wima, mbuzi ya mama yake kichwani, nazi ikining'inia ndani ya kanga. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Nilijua anacheka kwa jinsi alivyokuwa hageuki.

Kijijini

Walikuwa wamesimama njiani wote. Mwenyekiti, Mzee Msengi, ni mtu mrefu, mkavu, mfugaji tangu kuzaliwa. Nilimtua mbuzi, nikainama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Karibuni kwenu." Hakunitazama mimi. Alimtazama mbuzi. "Na huyu ndiye mbuzi wa Mombasa?"

"Ndiye," nikasema. Hata sarufi yangu ilikuwa imekwisha kubadilika.

Mzee Msengi akachuchumaa, akainua sikio la kushoto. "Mombasa wanakata masikio namna hii?"

"Wengine."

"Upande wa kushoto, mara mbili?"

"Hasa upande wa kushoto."

"Ajabu." Akatikisa kichwa. "Shemeji yangu wa Iguguno naye hukata hivihivi. Na yeye alikuwa na mbuzi aliyetumbukia kisimani, akavunjika pembe. Nilimtoa mwenyewe kwa kamba. Mbuzi mwenye adabu sana." Bibi wa kijivu, ambaye hakutaka kupiga hatua moja kwa ajili yangu, akatembea hadi kwenye goti la Mzee Msengi, akajisugua. Mzee akamkuna kichwani. "Na wewe mama, kumbe ulikwenda Mombasa?"

Kicheko kilichotoka hapo bado nakisikia. Shila alikuwa amelala juu ya magunia ya chumvi. Nilitafuta shimo la kuingia.

Rukia akapita mbele yangu. Akapiga goti kidogo kama alivyoona wanawake wengine wanavyofanya. "Shikamoo, baba. Mume wangu si mwongo. Ni mtu wa kufikiri sana, na akifikiri sana hufanya mambo kama haya. Mbuzi aliyoandika ni hii." Akaitua mbuzi ya mama yake, akaikunjua, akaikalia palepale njiani. Akaomba jiwe. Akaifungua kanga.

Nikaelewa anataka kufanya nini. "Rukia, hiyo ndiyo pekee."

"Na wageni ndio hawa," akasema, akaipasua.

Maji ya nazi alimpa Mzee Msengi ayanywe. Kisha akaanza kukuna, mkono unazunguka, unga mweupe unaanguka juu ya sinia, na watu wakasogea kama wanaotazama kinyozi. Tui alilitia kwenye chungu cha mlenda cha Mama Mkumbo, jirani yetu mtarajiwa, bibi mwenye meno machache na maneno mengi. Mama Mkumbo akaonja.

"Maziwa ya mti," akasema. Akaonja tena. "Si mabaya. Lakini kwa nini mtu akamue mti na ng'ombe wapo?"

Alikuwa ameshaacha kutazama chungu. Alikuwa ameokota kifuu kitupu, anapitisha kidole ndani pale ulimi wa chuma ulipopita, palipokuwa laini. Akaingia ndani kwa mbio zisizolingana na umri wake, akatoka na nusu ya kibuyu kikavu, ambacho ndani bado kilikuwa na nyama yake ngumu. Sisi wote hula, hunywa na kuchota maji kwa vibuyu kule, na kukikwangua ndani kwa kisu au kigae ni kazi ya mchana mzima. Alimsukuma Rukia asogee, akakalia mbuzi, akakishika kibuyu kwa mikono miwili na kuzungusha. Kwa muda wa kuhesabu mia kilikuwa kimekwisha, cheupe, laini.

Wanawake wakapiga vigelegele. Wanne wakakimbilia majumbani kuleta vyao.

Mzee Msengi akanishika bega. "Mwalimu, barua yako ilisema itakuja mbuzi moja. Imekuja. Ilisema ni kubwa kuliko mkeo, naona ubao wake ni wa zamani kweli. Ilisema haipendi unyevu, na chuma hakipendi. Barua ilikuwa safi. Sisi ndio tulisoma kwa macho ya wafugaji." Akamtazama bibi wa kijivu. "Huyu naye ataingia kwenye bati. Amesafiri."

Nyumba hadi nyumba

Hapo ningeweza kuwaambia kwamba hofu iliniisha. Haikuisha, ilibadilisha chumba tu.

Mbuzi ya mama mkwe haikulala kwetu siku mbili mfululizo. Ilikwenda nyumba hadi nyumba kwa zamu, na kila asubuhi mtu alisimama mlangoni akauliza, "Iko kwa nani leo?" Rukia ndiye aliyeshika zamu kichwani mwake. Kwa kufuata mbuzi alijua kila mlango, kila mgonjwa, kila ugomvi, akaanza kutaniana kwa Kinyiramba wakati mimi nilikuwa bado nauliza njia ya kwenda kisimani. Darasani wanafunzi waliniandikia sentensi moja mpaka nikawakataza: "Mwalimu ana mbuzi moja na mbuzi mmoja." Walikuwa sahihi.

Lakini kucheka na watu mchana si kusahau kwenu usiku. Siku moja barua ya mama yake ilifika, nami nikamkuta ameiweka puani. "Inanukia nyumbani," akasema. Akaikunja. Alikula mlenda bila mh yoyote, na hilo nalo lilinitia wasiwasi, maana mtu aliyekata tamaa halalamiki tena. Hakusema "turudi." Hakusema "tubaki" pia. Nikaona afadhali nijitayarishe: niliandika barua ya kuacha kazi, nzuri, fupi, nikaiweka mfukoni mwa koti iwe tayari.

Siku ya kuondoka likizo tulitafuta mbuzi ya kukunia tukaikosa. Ilikuwa imevuka kwenda kitongoji cha pili na hakuna aliyejua kwa hakika. Mama Mkumbo alimwambia Rukia, "Kwani unaihitaji? Si unakuja?" Rukia akamtazama, akacheka, akapanda lori. Nilimwomba Mungu anijulishe kile kicheko kilikuwa na maana gani.

Mombasa

Mengine mmeyaona wenyewe. Mzee Bakari alingoja tuoge na tule, kisha akauliza mbele yangu kama alivyoahidi. "Rukia, wabaki au waenda?"

"Nipe wiki, baba."

Mama mkwe akauliza lake. "Na mbuzi yangu?"

"Iko kwa watu, mama."

"Kwa watu gani?"

"Mwisho ilikuwa kwa Mama Mkumbo, lakini zamu yake itakuwa imepita."

Mama mkwe hakuelewa, nami sikuwa na nguvu za kueleza. Sikutia neno, kama nilivyoahidi. Siku tatu nilimtazama mke wangu akila wali wa nazi, mbaazi za nazi, samaki wa kupaka. Siku ya nne asubuhi aliletewa mahamri na mbaazi, akaomba sahani ya pili, akaimaliza, akalamba kidole. Nikaingiza mkono mfukoni nikaigusa ile barua ya kuacha kazi. Nilikuwa nimekwisha kumsamehe. Nilikuwa napanga nitakavyosema kwamba hata mimi nilikuwa nimechoka na vumbi.

Akasukuma sahani. "Turudi," akasema.

Hilo hapo. Neno nililolingoja tangu siku ya kuagana. Nikajibu kwa upole niliokuwa nimeufanyia mazoezi, "Haya. Tumekwisha kurudi, mke wangu. Tuko kwenu."

"Weye!" Akanitazama kama mama wa kibuyu alivyonitazama Mkiwa. "Turudi kwetu. Vibuyu vya mwaka huu vimekwisha kukauka, na mbuzi iko moja kijiji kizima. Watagombana wale. Zamu siijui ila mimi."

Mzee Bakari alikuwa mlangoni. Akavua miwani, akaipangusa. "Umesema kwetu," akamwambia.

"Nimesema, baba."

"Nimesikia." Akavaa miwani. "Basi nendeni kwa fundi wa Mji wa Kale. Huyo ndiye anayetengeneza ulimi usiokatika."

Tulikwenda siku ileile, mimi na Rukia, akawa anamwelekeza fundi meno yawe mapana kidogo, kwa sababu kibuyu ni kigumu kuliko nazi. Fundi hakuelewa lakini alifanya. Mbuzi zimekwisha, ziko ndani ya gunia hapa miguuni pangu ninapowaandikia. Tiketi ni za Jumamosi.

Jana nilimwandikia Mzee Msengi. Sikuwa na karatasi karibu, nikaipiga mstari ile barua ya kuacha kazi, nikaigeuza na kuandika nyuma yake: "Tunarudi mimi na mke wangu, na mbuzi mbili." Nilisimama posta nikaisoma mara moja. Sikuongeza maelezo. Nikaitia sandukuni.